Mlinda Malango wa Andohasaha

Voahirana alikuwa mwoga, na hapakuwa na mtu Andohasaha asiyelijua hilo. Aliogopa radi, aliogopa mbwa wa watu, aliogopa kupita karibu na makaburi ya ukoo wa Zafy jua likianza kutua, na kuliko vyote aliogopa maji. Ajabu ni kwamba maji ndiyo yaliyomlisha. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mlinda malango wa bwawa la umeme, ufunguo kiunoni na filimbi shingoni, akishinda katika kibanda cha saruji juu ya ukuta ambao upande mmoja una ziwa na upande wa pili una shimo la mita thelathini.

"Huyu wetu," wanawake wa mtoni walizoea kusema wakimwona anashuka ngazi huku amejishikilia, "siku akianguka ataiomba ngazi radhi."

Alianza pale kama mfagiaji. Mlinda malango wa wakati huo, mzee Ratovo, alikuwa mtu wa mzaha na wa haraka. Mwaka wa kimbunga kikubwa, Voahirana akiwa na miaka miwili tu kazini, Ratovo alipiga filimbi mara moja kutoka juu, akachungulia, hakuona mtu, akafungua. Chini, nyuma ya pale mwamba ulipotokeza kama bega, walikuwako watu wawili, mama na binti yake, wakisuuza mashuka. Binti alipatikana siku ile ile. Mama alipatikana siku ya tatu, mbali huko kwenye mashamba ya mpunga, na aliyemwona kwanza ni Ramaro, mume wa Voahirana, aliyekwenda kuchimba udongo wa matofali. Voahirana alikuwa mmoja wa waliomwosha maiti. Mikono yake ilikumbuka ile baridi miaka mingi baadaye.

Ratovo hakuushika tena ufunguo. Aliuweka mezani mbele ya mfagiaji wake akasema, "Wewe mwoga. Uchukue wewe."

Na kabla hajaondoka aliandika kanuni kwenye daftari la kibanda, kwa mwandiko wake mbaya: anayefungua lango ashuke kwanza mwenyewe, ngazi mia mbili na kumi na moja, apite bega la mwamba, ayaone mawe yote ya kufulia kwa macho yake, apige filimbi, amsubiri mtu wa mwisho atoke, ndipo apande akafungue. Shughuli hiyo ilichukua dakika arobaini, na siku nyingine saa nzima. Wakubwa wa umeme huko mji mkuu walikuwa wakipiga simu.

"Bado tu?"

"Bado, bwana. Kuna mama anakusanya nguo."

"Mwambie aharakishe."

"Nimemwambia. Ana magoti mabaya."

Katika miaka hiyo kumi na tisa hakuna mtu aliyelowa hata pindo la nguo.

Mwezi wa nane, wakati wa baridi, Shirika la umeme lilileta mradi. Magari matatu yalipanda kilima yakiwa na masanduku, nyaya, kamera moja na king'ora kikubwa cha rangi ya kijivu. Waliokuja nayo waliongozwa na mhandisi kijana aliyeitwa Tsiferana. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia kila mtu, akanywa maji ya ukoko wa wali aliyokaribishwa bila kukunja uso, na siku ya mafunzo aliweka picha ukutani akazungumza saa mbili, nusu Kifaransa na nusu lugha ya nyumbani, kwa kasi ya mtu anayefukuzwa.

"Kuanzia msimu huu wa mvua," alisema, "maji yakifika alama, kompyuta ya mji mkuu inajua yenyewe. King'ora kinalia dakika tatu. Halafu lango linafunguka. Hakuna tena kupanda na kushuka ngazi. Mama yetu hapa atapumzika."

"Atapumzikia wapi? Nyumbani?" aliuliza Mahefa, mmoja wa wenzake wawili wa zamu. Watu wakacheka. Tsiferana naye akacheka, akaenda kwenye picha nyingine.

Voahirana aliinua mkono, haukufika hata usawa wa sikio. "Na watu walio kwenye mawe, bwana mhandisi?"

"Kamera itawaona, mama."

"Imefungwa wapi?"

"Pale juu ya ukuta."

Kutoka juu ya ukuta unaona malango, povu, na jiwe la kwanza tu. Mengine yote yamefichwa na bega la mwamba, na ndiyo sababu Ratovo hakuona mtu siku ile. Voahirana alifungua kinywa. Nyuma ya chumba walikuwa wameketi wakubwa wawili waliovaa makoti ya suti, na mmoja wao alikuwa anaitazama saa yake. Voahirana akakifunga kinywa.

Mwisho wa mafunzo zikagawiwa fomu. Fomu ilikuwa kwa Kifaransa, na Voahirana aliyekisoma hadi darasa la tisa aliielewa vizuri kuliko alivyotaka. Ilisema: mimi mtia saini nimefunzwa mfumo mpya, nimeuelewa, na wakazi wa chini ya bwawa wamekwisha kuarifiwa. Hakuna mkazi aliyearifiwa kitu. King'ora kilijaribiwa mara moja tu, siku ya gulio, kijiji kizima kikiwa sokoni.

Mahefa aliuliza kama anaweza kwenda nayo nyumbani aisome taratibu. Tovoniaina, mwenzao wa tatu, alisema atasaini kesho. Voahirana alimfikiria binti yake Sahondra aliyekuwa mwaka wa pili chuo cha ukunga Antsirabe. Aliifikiria tanuri ya matofali ya mumewe iliyokaa baridi tangu Pasaka. Jasho jembamba lilimtoka kwenye baridi ya mwezi wa nane. Akasaini. Alikuwa wa kwanza.

Mwezi uliofuata Mahefa na Tovoniaina walipata barua za kuachishwa kazi. Bwawa sasa lilihitaji mtu mmoja tu, na cheo chake kilikuwa mlinzi wa eneo. Voahirana alinyang'anywa ufunguo, akapewa ufagio mpya na koti la manjano. Ndani ya kibanda palifungwa sanduku la chuma lenye taa tatu, na kando yake kitufe chekundu chini ya kifuniko cha kioo. Kitufe hicho kilikuwa cha kulishusha lango wakati wa dharura. Juu yake palibandikwa maandishi: Usiguse bila amri ya mji mkuu.

Siku Mahefa alipokuja kuchukua sufuria na viatu vyake alisimama mlangoni.

"Ulisaini vizuri, dada. Una mwandiko mzuri."

"Mahefa, mimi sikujua."

"Ulikuwa unajua kusoma," alisema, akaenda zake.

Tangu siku hiyo chakula hakikumpita vizuri. Ramaro akimwekea wali na mboga, aliuzungusha kwenye sahani.

"Unaumwa?"

"Naogopa."

"Unaogopa nini leo?"

"Mvua."

Ramaro alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha.

Mvua zilianza mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Mara mbili za kwanza lango lilifunguka lenyewe na hakuna kilichotokea, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha kwa nguvu na hakuna mwenye akili anayefua kwenye mvua. Mji mkuu walituma ujumbe wa pongezi kwa wote. Lakini Voahirana aliona jambo jingine. Kila radi ilipopiga karibu, king'ora kililia bure. Kililia asubuhi ya Jumapili watu wakiwa kanisani. Kililia siku tatu mfululizo jua likiwaka. Siku ya kwanza wanawake walikimbia hadi juu, mmoja akajikwaa akapasuka goti. Siku ya tatu hawakuinua hata vichwa.

Alishuka kuwaambia. Bodo, mwanamke muuza vitumbua, mdomo wake mkubwa na moyo wake mkubwa zaidi, alikuwa anakung'uta blanketi.

"Bodo, kile kikilia kimbieni."

"Kinalia kila siku. Tukimbie kila siku? Nguo atafua nani, wewe?"

"Siku moja kitakuwa kweli."

"Basi siku hiyo uje wewe na filimbi yako kama zamani. Wewe tunakujua. Yule mbuzi wa kijivu hatumjui."

Wanawake wakacheka, na Voahirana akacheka kidogo kwa adabu. Chini zaidi, kwenye mawe ya katikati ya mto, palikuwa na wageni, watu wa kuchekecha dhahabu waliohamahama, leo hawa, kesho wale. Aliwaeleza waliokuwapo. Wiki iliyofuata walikuwa wengine.

Alimpigia Tsiferana. Mara ya kwanza kijana alipokea akasema, "Mama, ripoti kupitia mfumo, tafadhali. Kila kitu sasa kinapita kwenye mfumo." Aliripoti kwa simu yake ndogo, akiandika kwa kidole kimoja: king'ora kinalia bure, watu hawasikii tena, kamera haioni mawe. Jibu lilikuja hapo hapo: ombi lako limepokelewa. Alirudia mwezi wa kwanza. Limepokelewa. Akarudia tena. Limepokelewa. Baada ya hapo akaogopa kuonekana msumbufu, akanyamaza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne bila kupumzika, na asubuhi hiyo mbingu ikafunguka, jua likatoka safi, na kila nyumba yenye nguo chafu ikazibeba hadi mtoni. Kutoka kibandani Voahirana aliwaona wakipita njia ya kilimani, mabeseni kichwani, wengi kuliko alivyowahi kuwaona. Hapa palikuwa pakavu, lakini huko juu milimani bado kulikuwa kweusi. Kipimo cha ziwa kilipanda mbele ya macho yake. Alikuwa anafagia, lakini alikuwa anafagia sehemu ile ile.

Saa nne na dakika chache taa ya katikati ya sanduku ikawa ya manjano.

Alijua maana yake. Zimebaki dakika tatu. Akasubiri king'ora. King'ora kilikoroma kama mtu aliyepaliwa, kikakata. Maji ya siku nne yalikuwa yameingia ndani yake. Kukawa kimya, na katika kimya kile alisikia, kutoka chini nyuma ya mwamba, mtu anacheka.

Alichukua simu akapiga mji mkuu. Ikaita. Sauti ya mwanamke wa kurekodiwa ikamshukuru kwa kupiga na kumtaka achague namba. Akachagua. Ikaita tena. Kushuka ngazi, kwa miguu yake, ni dakika nne akikimbia kama kichaa. Hakuwa nazo. Akakitazama kitufe. Akayasoma maandishi, kana kwamba huenda leo yangesema kitu kingine. Usiguse.

Na hapo, kama alivyokuja kusimulia mwenyewe bila kujificha, aliganda. Hakuwaza kuhusu watu. Aliwaza kuhusu barua. Aliiona bahasha, akamwona Sahondra anarudi nyumbani na sanduku lake, akamwona Mahefa mlangoni. Mkono wake uliokuwa umeshika ufagio haukutaka kuinuka. Hajui alisimama hivyo muda gani. Alichozinduka nacho ni mtetemo katika nyayo zake. Lango lilikuwa linapanda.

Alikipiga kioo kwa mpini wa ufagio. Hakikupasuka. Akakipiga tena, kikapasuka, akauingiza mkono, akakibonyeza kitufe kwa kiganja chote hadi vigae vya kioo vikamchanja. Lango likasimama, likatulia kidogo kama mtu anayefikiri, kisha likaanza kushuka polepole. Lakini lilikuwa limekwisha kupanda shibiri mbili, na maji ya shibiri mbili za lango lile yalikuwa yamekwisha kutoka. Aliyasikia yakipiga sakafu ya chini kama lori linalomwaga kokoto.

Alitoka mbio. Alizishuka ngazi ambazo kwa miaka yote hiyo alizishuka moja moja, filimbi mdomoni, akipuliza hadi masikio yakamziba, damu ikimchuruzika hadi kiwiko. Njiani alikuwa anahesabu bila kujua. Alipofika mia na hamsini alisikia kelele za wanawake, akataka kukaa chini palepale asione.

Alipopita bega la mwamba aliona maji ya kahawia yamepanda hadi viunoni pale ambapo huwa hayapiti kifundo cha mguu. Nguo za kijiji kizima zilikuwa zinaondoka, mashuka yamefura kama viumbe. Wanawake wengi walikuwa wamekwisha kupanda ukingoni. Filimbi ndiyo iliyowatoa, Bodo alisema baadaye. Walisikia filimbi kabla maji hayajawafikia nyuma ya mwamba, wakaruka bila kufikiri.

Katikati ya mto, juu ya jiwe lililobaki ukubwa wa meza, alisimama mwanamke mmoja wa kuchekecha dhahabu, mgeni, mtoto mgongoni. Sahani yake ya kuchekechea ilikuwa imekwenda. Hakupiga kelele. Alikuwa anawatazama tu, macho yamemtoka.

"Usiruke," Bodo alimwambia. "Usiruke, mwanangu, kaa hapo hapo. Leteni mashuka."

Wakafunga mashuka manne kwa mafundo. Wawili wenye nguvu wakaingia majini, Bodo mbele, maji yakimpiga kifuani. Voahirana hakuingia. Alitaka, akapiga hatua moja, maji yakamshika muundi, mwili wake wote ukakataa. Akarudi, akaizungushia ncha ya shuka la mwisho kiunoni mwake, akakaa chini, akakaza visigino kwenye mwamba, akavuta. Alivuta huku amefumba macho. Alipoyafumbua, Bodo alikuwa amelala kwenye mawe anatapika maji, yule mgeni amekaa kando yake, na mtoto alikuwa analia kwa hasira, sauti kamili ya mtoto mzima wa afya.

Simu ikalia mfukoni mwake.

"Nani amegusa kitufe?" Ilikuwa sauti ya Tsiferana.

"Mimi."

"Mama, unajua ziwa limefika wapi? Unajua unachofanya? Panda ukalifungue lango sasa hivi."

"Nitapanda nikimaliza kuhesabu watu."

"Watu gani?"

"Kumi na wanane. Na mtoto mmoja."

Tsiferana akasema, polepole, "Kwenye kioo cha kamera hapana mtu."

"Nakwambia nawaona. Mmoja anatapika."

Alisikia pumzi yake kwenye simu, ndefu. "Wote wametoka?"

"Wametoka. Wanapanda juu."

"Basi hesabu, mama. Nakusubiri hewani."

Alihesabu mara tatu. Akazipanda ngazi zote mia mbili na kumi na moja, akazungusha kitufe kikaruka juu, lango likainuka lote na mto ukapita kwa kishindo kilichotikisa vikombe kibandani.

Barua ilikuja baada ya siku tisa. Aitikie wito mji mkuu, ajieleze kwa nini aligusa chombo kilichokatazwa. Ramaro alitaka kufuatana naye, akakataa, akaona aibu kuonekana amesindikizwa. Kwenye gari la Shirika alijiambia kwamba bwawa la kwanza, la maji, halikumuua. Hili la pili, jengo la Shirika lenye lifti na mazulia, hakujua lina kina gani.

Chumbani walikaa watu watano. Alipopita mbele yao aliinama na kutanguliza mkono wa kulia chini, kama inavyompasa mtu anayewapita wakubwa, akaketi pembeni mwa kiti. Aliyekaa katikati alikuwa mkurugenzi wa uendeshaji, Bi Hantamalala, mwanamke wa miaka sitini, nywele nyeupe zimesukwa vizuri. Tsiferana alikuwa mwisho wa meza, hamtazami mtu.

Hawakuanza na kitufe. Mmoja wa wale wa suti alisukuma karatasi mbele yake. Ilikuwa fomu.

"Hii saini ni yako?"

"Ni yangu."

"Hapa unathibitisha kuwa wakazi wameambiwa. Leo unatuambia hawakuambiwa. Tuamini lipi?"

Huo ndio mtego aliouogopa miezi yote, na alikuwa ameutega yeye mwenyewe kwa kalamu.

"Nilidanganya," alisema.

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Bi Hantamalala akainama mbele. "Uliogopa nini?"

Voahirana alitazama mikono yake, kovu jipya limepita kwenye kiganja. "Nyie, mama. Niliwaogopa nyie. Nilijua kamera haioni. Nilijua siku ile ile ya picha. Niliuliza nusu, nikaogopa kuuliza nusu ya pili. Baadaye nikaandika kwenye mfumo mara tatu."

"Mfumo ulijibu nini?"

"Kwamba limepokelewa."

Mtu wa suti alianza kusema kuhusu utaratibu, na ndipo Tsiferana, bila kuinua kichwa, akamkatiza.

"Nilipewa siku kumi na moja kwa mabwawa manne. Niliomba wiki sita. Siku ya mafunzo nilimwona mama huyu ameinua mkono. Nilimwona anataka kuendelea. Nikageuza picha, kwa sababu jioni nilitakiwa niwe bwawa la pili. Zile fomu niliziandika mimi. Mimi pia niliogopa."

"Na wewe ulimwogopa nani?" aliuliza mkurugenzi.

Tsiferana alimtazama yeye, na Bi Hantamalala akageuza macho dirishani. Kisha akamuuliza Voahirana kitu ambacho hakuna mtu wa mji mkuu aliyewahi kumuuliza.

"Ngazi ni ngapi?"

Mkurugenzi alikuja Andohasaha baada ya wiki mbili, na Tsiferana na mwandishi mmoja. Hakupanda kibandani kwanza. Alivua viatu vyake vya mjini, akavaa vya mpira vya Ramaro vilivyompwaya, akazishuka ngazi zote nyuma ya Voahirana hadi kwenye mawe. Bodo alikuwapo, na alimweleza mkurugenzi mambo yote bila kupunguza, pamoja na idadi ya mashuka yake yaliyokwenda na maji. Mkurugenzi alikaa juu ya jiwe saa mbili, akamwomba Tsiferana asimame juu ya ukuta anyooshe mkono anakoona. Kisha akauliza wanawake wangependa waambiweje. Wakabishana mbele yake nusu saa, na walichokubaliana ndicho kilichoandikwa.

Mradi ukasimamishwa miezi mitano katika mabwawa yote manne. Nakumbuka maneno yalivyosemwa huku kwetu, kwamba mitambo imerudishwa bandarini. Haikurudishwa. Kompyuta ilibaki, na kusema kweli inapima maji vizuri kuliko macho ya mtu. Kilichobadilika ni kwamba sasa haiwezi kufungua lango mpaka mlinda malango aliyeshuka mwenyewe ageuze ufunguo wake na kusema watu wametoka. Mafunzo ya mara ya pili yalichukua siku kumi na mbili, kwa lugha ya nyumbani, na siku mbili kati ya hizo yalifanyika mtoni na wanawake wakiwamo. Fomu iliondolewa. Shirika liliwalipa watu nguo zao, ingawa Bodo alidai walimpunja mashuka mawili.

Si yote yaliyotengenezeka. Tovoniaina alirudishwa kazini, lakini Mahefa alikuwa amekwisha kwenda pwani ya magharibi kutafuta kazi ya chumvi, na ujumbe aliotumiwa haukujibiwa. Voahirana alipewa barua ya onyo kwa kusaini uongo. Bi Hantamalala mwenyewe alimkabidhi, akamwambia hakuweza kuifuta. Voahirana alisema ni haki yake, na hakusema kwa unyenyekevu, alisema hivyo kwa kuwa aliamini. Barua iko kwenye sanduku la nguo zake, chini ya kitenge cha harusi.

Lango lilifunguliwa kwa mfumo mpya mara ya kwanza mwezi wa kumi na mbili, saa tatu asubuhi. Taa ilipogeuka ya manjano aliogopa vilevile kama siku ile, akashuka. Chini alimkuta bibi mmoja amekaa juu ya blanketi lake lililolowa, hataki kuliacha na hawezi kulibeba. Voahirana akaita wawili waje walibebe. Simu ikalia. Alikuwa kijana mgeni wa mji mkuu, sauti hakuijua.

"Mama, maji yamefika alama. Bado tu?"

"Bado. Kuna blanketi linapandishwa."

"Itachukua muda gani?"

"Sijui. Ni zito."

Alisikia kijana anamuuliza mtu kando yake, na mtu huyo anajibu kitu. Sauti ile aliitambua. Ilikuwa ya Tsiferana.

"Sawa, mama," kijana akasema. "Tunasubiri."

Walisubiri dakika ishirini na sita. Voahirana alipanda ngazi, akazunguka kibanda mara moja zaidi kuchungulia, akageuza ufunguo.